Wiki ya Kwanza ya Msichana wa Kazi

Akina mama wengi humpokea msichana wa kazi jioni, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi humwachia mtoto, jiko na funguo, wakakimbilia kazini. Baada ya mwezi malalamiko huanza kuwa hajui kazi. Ataijuaje, na hakuna aliyemfundisha?

Hospitalini muuguzi mgeni haachiwi wodi siku ya kwanza. Hutembea na mwenzake mwenye uzoefu, akaonyeshwa dawa zinakaa wapi, akaelezwa amwite nani mgonjwa akibadilika. Nyumbani nako tufanye hivyo. Ukiweza, msichana afike Ijumaa ili mshinde pamoja siku mbili. Fanya kazi akikuangalia, kisha afanye yeye ukimwangalia. Usimwulize, "Umeelewa?" Atajibu "Ndiyo, mama," hata kama hajaelewa. Mwambie akuonyeshe.

Anza na yale yanayoweza kuua. Aliyekulia kwenye kuni huenda hajawahi kugusa jiko la gesi. Mfundishe kufunga mtungi. Akisikia harufu ya gesi asiwashe kiberiti wala taa. Afunge mtungi, afungue madirisha na kutoka nje na mtoto. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala hata kukiwa na baridi kali, maana hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala anaweza asiamke. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa asitapishwe, kwani yanaweza kuingia mapafuni, akimbizwe hospitali. Akiungua, pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno na unga tuviache mahali pake! Namba yako, ya baba na ya jirani ziandikwe ukutani kwa tarakimu kubwa.

Kuna pia haki zake. Wengi hudhani sheria ya kazi huishia mlangoni mwa ofisi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mshahara, tarehe ya kulipwa na siku ya mapumziko viandikwe kabla hajashika ufagio. Binafsi sipendi kabisa desturi ya kumkata mshahara kila kikombe kinapovunjika. Nani asiyevunja vikombe?

Waambie watoto, yeye akisikia, kwamba ni dada yao, wala hatumwi maji saa tano za usiku.

Wiki ikiisha, keti naye faraghani. Mwulize kazi ipi imemshinda, analalaje, na kama kuna mtu humo ndani anayemsumbua. Swali hilo la mwisho lirudie kila mwezi. Akitaja jina, hata likiwa la shemeji yako, msikilize mpaka amalize.