PIKIPIKI KUUKUU YA MIPIGO MIWILI: TUITUNZE AU TUIBADILISHE?

Swali hili lilizuka langoni mwa kiwanda hapa Malukhu wakati wa kubadilishana zamu. Mwenzetu mmoja, mtu wa mashine wa miaka mingi, ana Yamaha RX 100 ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi wetu huiita tustroki. Asubuhi hiyo ilikataa kuwaka. Alifika kwa miguu, jasho likimtiririka, kazi imekwisha kuanza, na kila mmoja wetu anajua kuchelewa kunavyosomeka siku ya mshahara. Jioni alikuwa na karatasi mkononi: pikipiki mpya ya mipigo minne, kwa mkopo, malipo ya kila wiki.

Vijana walimwambia auze chuma chakavu hicho. Wazee walisema chuma cha Mjapani hakifi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilibishana bure, kwa sababu hakuna aliyeuliza mambo mawili: silinda imebakiza nini, na mkopo ule utamaliza majuma mangapi ya mshahara.

Tuanze na silinda. Katika injini ya mipigo minne moto huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Katika ya mipigo miwili huwaka kila mzunguko. Ndiyo maana RX 100, yenye injini ya sentimita za ujazo 98 tu, hutoa nguvu za farasi 11, na ndiyo maana wapenda mbio waliipenda. Ni nyepesi, na haina vavu za kurekebisha. Lakini kila kitu kina bei yake. Oili inayolainisha pistoni na krenki haikai ikizunguka kama katika pikipiki nyingine. Huingia pamoja na petroli na kuungua nayo. Huo ndio moshi wa buluu tunaoujua. Tena sehemu ya petroli hutoka kwenye ekzosi kabla haijaungua, nawe umekwisha kuilipia. Sheria za moshi zilipokazwa India, utengenezaji wa RX 100 huko ulikoma mwaka 1996.

Kinachozeeka ni pistoni, ringi, ukuta wa silinda, na beringi na oili sili za krenki. Silinda ya RX 100 ikiwa mpya ina upana wa milimita 50. Ikichakaa huchongwa robo milimita na kuwekewa pistoni kubwa kidogo: 0.25, kisha 0.50, 0.75, na mwisho 1.00. Baada ya hapo lazima ipigwe sliva au itafutwe silinda nyingine. Kwa hiyo pikipiki ya namna hii ina umri unaohesabika, na umri huo hauhusiani na mwaka wa kutengenezwa. Usikubali fundi aegemeze sikio kwenye injini na kukuambia “hii bado”. Mwambie afungue kichwa. Mara nyingi saizi imepigwa muhuri juu ya pistoni, na mwenye macho ataisoma mwenyewe.

Krenki ni jambo gumu zaidi. Oili sili zikivuja, injini huvuta hewa isiyotakiwa, mchanganyiko wa petroli hupungua nguvu, joto hupanda, na siku moja pistoni hushikana na silinda gurudumu la nyuma likiwa katika mwendo. Aliyepatwa na hilo mbele ya lori la miwa kwenye barabara ya Kakira hahitaji kuelezwa. Kubadilisha sili si ghali sana, lakini kufungua krenki na kuirudisha kunataka presi na kipimo cha kuinyoosha. Nimeona krenki ikigongwa kwa nyundo chini ya mwembe. Mwenye pikipiki alirudi juma lililofuata. Kati yetu mna mafita wenye vipimo. Waulizeni hao kwanza.

Juu ya oili, wengi wanaua injini kwa mikono yao. Tangu mwaka 1964 Yamaha imekuwa na pampu inayopeleka oili yenyewe kwenye injini, waliyoiita Autolube. Pampu ikiharibika mafundi wa kwetu huiziba, na mwenyewe huanza kuchanganya ndani ya tangi kwa kizibo cha soda, kwa kukisia. Ikiwa kipimo ni petroli 25 kwa oili moja, lita 5 za petroli zinataka mililita 200 za oili. Hiyo ni theluthi mbili ya chupa ya soda ya mililita 300. Fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye kopo la oili na kwenye kitabu cha injini, na oili yenyewe iwe ya mipigo miwili. Ile inayomwagwa kutoka kwenye lori haifai, hata ukipewa bure.

Wenzetu wanaopanda kwenda kwao Kapchorwa mwisho wa mwezi wajihadhari hasa wakati wa kurudi. Kapchorwa iko juu ya Mbale kwa zaidi ya mita 600. Ukiteremka umefunga mafuta kabisa ili kuokoa petroli, na mchanganyiko wako umo ndani ya tangi, umefunga na oili pia, huku injini inazunguka kwa kasi. Kila baada ya muda mfupi fungua mafuta kidogo. Wala usitegemee injini ikushike kwenye mteremko, maana ya mipigo miwili haishiki sana. Breki ziwe nzima.

Na ekzosi isikatwe! Umbo lake la ndani limepimwa. Katika miaka ya 1950, kwenye kiwanda cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki, injinia Walter Kaaden alionyesha jinsi mawimbi yanayorudi ndani ya bomba yanavyoweza kuizuia petroli mbichi isitoroke. Mwaka 1961 mwendeshaji wa kiwanda hicho, Ernst Degner, alikimbilia Magharibi akajiunga na Suzuki, na mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50. Elimu iliyogombewa hivyo na mataifa, kijana wa gereji anaikata kwa msumeno ili pikipiki ilie vizuri.

Sasa mkopo. Watu husikia malipo ya wiki, hawasikii jumla. Tuseme unalipa shilingi 80,000 kila wiki kwa miaka miwili. Ni majuma 104, yaani shilingi 8,320,000, mbali na fedha ya kwanza uliyotoa. Andika jumla hiyo kando ya bei ya fedha taslimu dukani, kisha uitazame tofauti kwa utulivu, mkeo au mumeo akiwa karibu. Soma pia ulichoweka dhamana. Tangu sheria ya mwaka 2019 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji hapa Uganda anaweza kuandikisha haki yake juu ya mali yako ya namna nyingi, si juu ya pikipiki mpya peke yake.

Sisemi kila mtu abaki na yake ya zamani. Anayetoka mbali kila siku, anayepakia watu au mizigo, au ambaye silinda yake imefika 1.00 na krenki inalia, huyo aiache. Bajaj Boxer ya mipigo minne hula petroli kidogo, na spea zake utazikuta karibu kila senta ya biashara. Spea za RX zinatafutwa, na za bandia ni nyingi. Lakini akiiuza asiiuze kama chuma. Huko India RX 100 iliyotunzwa inatafutwa kwa bei kubwa na wapenzi wake, na wajanja wa kwetu wamekwisha kulisikia hilo. Mgeni akija na fedha mkononi na haraka nyingi, mwambie arudi Jumamosi. Na logibuku iwe kwa jina lako kabla ya yote.

Mwenzetu alifungua kichwa cha injini siku ya Jumamosi. Juu ya pistoni palisomeka 0.50. Zilibaki hatua mbili. Akachonga hadi 0.75, akatia pistoni, ringi na sili mpya, akatembea kwa miguu hadi Jumatano. Karatasi ya mkopo hakuitia sahihi. Kila wiki anaweka nusu ya malipo yale katika ushirika wa akiba, ili siku silinda itakapokwisha anunue ya mipigo minne kwa fedha yake. Jirani yake bado analalamikia moshi, na ana haki, kwa sababu ana mtoto mchanga. Siku hizi mwenzetu huisukuma hadi barabarani kabla ya kuiwasha.