Kabla ya Madeira, hebu vuka Wasini

Video zile umeziona. Kisiwa cha Madeira, mali ya Ureno: milima inashuka hadi baharini, mawingu yamekaa chini ya miguu ya watu, na kila mtu anapiga picha. Unahifadhi, unaota. Halafu unakumbuka ada ya viza ya Schengen: Euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa viza hurudishiwi hata senti. Hapo hata tiketi ya ndege hujaigusa.

Usife moyo. Kwale kuna kisiwa kinachoitwa Wasini, na unachohitaji ni kitambulisho na nauli.

Ukitoka Nairobi, panda SGR, Sh1,500 daraja la kawaida. Mombasa, vuka feri ya Likoni, ambayo waenda kwa miguu hawalipi. Panda matatu ya Lunga Lunga, ushuke Kanana, kisha boda ikufikishe Shimoni. Usikimbilie mashua. Pitia kwanza mapangoni, ambamo wazee husimulia kuwa watumwa walifungiwa wakisubiri majahazi. Kijiji kilipata jina lake kutokana na shimo hilo.

Kisha vuka. Wasini ina urefu wa kilomita 5 hivi na haina gari hata moja. Utasikia adhana, watoto, na Kivumba, lahaja ya wenyeji. Hawa ni watu wa Vumba, dola ya kale ya pwani hii, na makaburi ya zamani bado yapo kijijini.

Sasa, hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunanunua safari ya siku moja kutoka Diani: asubuhi pomboo, mchana kuogelea na kula kaa, jioni tumesharudi hotelini. Picha ni kali, lakini hujamwamkia mzee hata mmoja, na sehemu kubwa ya chapaa yako imebaki ng'ambo. Kisiwa kimekuwa meza tu ya chakula cha mchana.

Lala usiku mmoja, bana. Kuna nyumba za wageni za wenyeji, pale kijijini na hata Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa. Asubuhi tembelea bustani ya matumbawe ya kina mama wa Wasini. Utapita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko na miamba mikubwa ya matumbawe ya kale, iliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Maji ya bamvua yakijaa, bahari hurudi kuitembelea. Kiingilio unakilipa kwa kikundi chenyewe, kwa hivyo unajua pesa imeingia mkono gani.

Hifadhi ya bahari ya Kisite, kilomita 28 za mraba, iko karibu. Inalindwa tangu 1973, lakini ulinzi haukuyazuia maji kupata joto. Mwaka 1998, El Niño iliyababua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, yakageuka meupe na kufa. Wavuvi wanajua maana yake: tumbawe likifa, samaki anahama. Basi ukizamia, usikanyage matumbawe, usiondoke na kombe, na nahodha akitaka kuwakimbiza pomboo ili upate video, mwambie aache.

Jambo jingine ni maji. Kisiwa hiki hakina mto, na kwa miaka mingi wakazi wamekinga ya mvua na kununua yanayovushwa kutoka bara. Kwa hivyo usioge nusu saa kama uko kwenu South B.

Mavazi ya kuogelea yaache ufukweni. Kijijini ni leso au suruali, na "shikamoo" kwa wazee. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Nenda wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, kwa sababu kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na utatapika njia nzima.

Madeira haiendi popote. Utaenda siku ukijaliwa. Lakini ukiulizwa huko visiwa vya kwenu vikoje, itakuwa aibu kujibu kwamba uliviona kwenye simu tu.