Saa za Siku na Nguvu ya Kubana Pumzi

Watoto wa hapa Karatu wana mchezo wa kubana pumzi: mmoja hubana, wenzake huhesabu kwa sauti, naye ashindwaye huchekwa. Mwalimu mmoja mwenzangu aliutumia mchezo huo kuchagua waimbaji wa kanisani. Wavulana wengine aliwaita alfajiri, kabla hawajanywa uji. Wengine aliwaita saa nane mchana, walipokwisha kula na kucheza mpira. Wale wa mchana walishindwa upesi, wakahesabiwa kuwa dhaifu wa kifua. Hukumu ile haikuwa ya haki.

Tuanze na maneno yenyewe. Twasema kuvuta pumzi, kushusha pumzi, kubana pumzi. Tena katika ukoo uo huo wa maneno mna kupumua, na kupumzika, na mapumziko. Wenye lugha waliona tangu zamani ya kuwa pumzi na raha ni ndugu, nao hawakukosea, maana mwili uliotulia hutumia hewa kidogo.

Mtu abanapo pumzi, kimshurutishacho kuiachia si upungufu wa oksijeni hasa, bali ni kuzidi kwa kabonidioksidi katika damu. Haldane na Priestley, wataalamu wa Uingereza, walionyesha mwaka 1905 ya kuwa hewa hiyo ndiyo iongozayo kupumua kwetu. Basi kila kiongezacho hewa hiyo mwilini, kama chakula, kazi au joto, hufupisha muda wa kubana.

Na saa je? Joto la mwili hushuka kabisa karibu na saa kumi au kumi na moja za usiku, kisha hupanda hata kufika kilele chake jioni. Kwa hiyo alfajiri mwili hutumia hewa polepole, na tumbo ni tupu. Lakini njia za hewa mapafuni huwa nyembamba kidogo saa hizo, nazo hupanuka mchana. Ndiyo sababu mwenye pumu huteseka zaidi kabla ya kupambazuka. Alfajiri, basi, akiba ni ndogo kidogo lakini hutumika taratibu. Alasiri akiba imeongezeka, lakini huliwa upesi. Kwa mtu mwenye afya, nguvu ya saa peke yake ni ndogo. Shibe na kazi zilizoletwa na saa hiyo zina nguvu zaidi.

Wazamiaji lulu wa Ghuba ya Uajemi waliyajua haya bila kitabu. Wengi wao walikuwa watu wa asili ya Afrika ya Mashariki, waliopelekwa huko utumwani katika karne ya 19. Asubuhi walipewa tende chache na kahawa, wakazamia mchana kutwa, na chakula kizito hawakukila mpaka jioni.

Hapa kwetu liko neno la kuongeza. Karatu iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, bali ukingo wa kreta ya Ngorongoro wapita mita 2,200, na uzito wa hewa huko ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani. Tena asubuhi huwa na ukungu na baridi kali, na mwili utetemekao hutumia hewa nyingi. Faida ya alfajiri hupotea hapo. Asilinganishwe mtoto aliyepimwa ukingoni na mwenziwe aliyepimwa Karatu.

Lakini liko jambo zito kuliko uimbaji. Watoto wengine, kabla ya kupiga mbizi bwawani, huvuta na kutoa pumzi kwa nguvu mara nyingi ili wakae chini sana. Kufanya hivyo hufukuza kabonidioksidi, wala hakuongezi oksijeni ila kidogo mno. Onyo la mwili huchelewa, na mtoto huzimia majini asihisi dhiki yo yote. Saa haimwokoi, iwe alfajiri au jioni. Waalimu na wakataze kabisa.

Mwenzangu nilimweleza haya, akawaita wale wavulana tena asubuhi, kabla ya uji. Wawili kati yao sasa huimba sauti ya chini.