KAZI YA SERIKALI HAINUNULIWI: TUJIANDAE KWA INTAVYU



Mama mmoja wa Mfangano alitujia akiwa na uchungu mwingi. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili na kumpa mtu pesa ili jina la kijana wake "lipitishwe" katika kazi ya ukarani. Tukamwuliza, "Mama, kijana alituma maombi?" Akanyamaza. Hakutuma. Yule mtu alikuwa amewaambia wasijisumbue na makaratasi. Basi tarehe ya mwisho ikapita, pesa zikaenda, na simu ya yule bwana haikushikwa tena. Kilichotuuma zaidi ni kwamba kuomba ile kazi kulikuwa bure.

Ndiyo maana tumeona tueleze jambo hili polepole, ili kikundi kiweze kumsaidia kijana kabla hajafika mikononi mwa matapeli.

Nani anaajiri?

Kazi za serikali kuu husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Umma, iliyotajwa katika kifungu cha 233 cha Katiba ya 2010. Kazi za kaunti, kama vile makarani wa wadi, huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Nafasi ya naibu wa chifu hupitia ofisi za utawala wa serikali kuu, na kwa sisi wa visiwani ofisi hiyo iko Mbita. Kila mmoja hutoa tangazo lake, kwa hiyo jueni kwanza ni nani anayetangaza. Mtu akikuambia kuna kazi na hawezi kukuonyesha tangazo, hapo kuna mashaka.

Mtihani wenyewe ni wa namna gani?

Nchini China watu walifanya mitihani ya kuingia serikalini kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi ilipofutwa mwaka wa 1905. India bado ina mtihani mkubwa kila mwaka. Majirani zetu Tanzania wana Sekretarieti ya Ajira, na huko waombaji wengi huandika mtihani kwanza, kisha wanaitwa kuhojiwa. Kwetu Kenya hakuna mtihani mmoja wa kila kazi. Maombi huchujwa, wachache wanaitwa, na jopo linawahoji na kuwapa alama. Kazi nyingine zina jaribio la kuandika pia. Kwa hiyo intavyu ni mtihani, na mtihani husomewa.

Hatua za kufuata

1. Soma tangazo mara tatu. Angalia umri, gredi ya mtihani wa sekondari, mahali pa kuishi na tarehe ya mwisho. Kama wanataka cheti cha kompyuta na huna, usidanganye. Cheti cha bandia kinaweza kukupeleka kortini hata baada ya miaka mingi kazini.

2. Panga karatasi zako. Kitambulisho, vyeti vya shule na cheti cha kuzaliwa viwe pamoja katika mfuko wa plastiki usioingiza maji. Sisi tunaosafiri kwa boti tunajua kwa nini. Majina yawe sawa katika karatasi zote. Kama "Otieno" imeandikwa kwa njia mbili, rekebisha mapema.

3. Usikimbilie kulipia vyeti. Wengi hukopa pesa za cheti cha tabia njema na vingine vya kuonyesha kwamba huna deni la kodi au la mkopo wa masomo. Lakini Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka wa 2022: mwajiri hapaswi kukudai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kukuandika kazi. Hapo ndipo ulipe.

4. Soma Katiba. Si lazima yote. Anza na kifungu cha 10 juu ya maadili ya taifa, Sura ya Sita juu ya uongozi na uadilifu, kifungu cha 232 juu ya misingi ya utumishi wa umma, na Jedwali la Nne linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Nakala ya Kiswahili ipo. Usikariri tu kama kasuku. Ukiulizwa maana ya uwazi, toa mfano: mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya wanachama wote.

5. Zoeza hesabu kwa mambo ya nyumbani. Kwa mfano: mmevua kilo 48 za mbuta, mkauza kwa shilingi 350 kila kilo. Mafuta ya boti yamekula shilingi 4,200. Wavuvi watatu wagawane sawa. Mauzo ni 16,800. Toa mafuta, zinabaki 12,600. Kila mmoja anapata 4,200. Na mafuta yamekula asilimia ngapi ya mauzo? Ishirini na tano. Anayeweza haya hataogopa swali la asilimia.

6. Fanyeni intavyu ya mazoezi. Hapa ndipo kikundi kina nguvu. Watu watatu waketi kama jopo, kijana aingie, asalimu, angoje kuambiwa aketi. Mwulizeni: "Kwa nini unataka kazi hii?" "Wavuvi wawili wakigombania nyavu utafanyaje?" Mwalimu mstaafu asahihishe Kiingereza chake, na kina mama waseme kama anatazama watu usoni. Rudieni mpaka woga upungue.

7. Vuka siku moja kabla. Ziwa halina ahadi. Upepo ukivuma asubuhi boti hazitoki, na jopo la Homa Bay halitakungoja. Kikundi kiweke akiba kidogo ya nauli na mahali pa kulala.

Haki zako

Kutoa hongo ni kosa sawa na kupokea, kwa Sheria ya Hongo ya 2016. Yule mama alipoteza ng'ombe, na bado angeweza kushtakiwa.

Kifungu cha 56 cha Katiba kinaitaka serikali iwape jamii ndogo nafasi maalum za kuajiriwa. Waabasuba, msione haya kutaja hilo kwa heshima. Walemavu nao wana haki zao katika kifungu cha 54.

Kama bodi ya kaunti haikutenda haki, unaweza kukata rufaa kwa Tume kwa maandishi, ndani ya siku 90. Andika tarehe, weka nakala ya kila barua.

Tuseme ukweli: waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Kijana anaweza kujiandaa vizuri na bado akose. Lakini atarudi nyumbani anajua Katiba, anajua hesabu, na ng'ombe bado wako zizini. Atajaribu tena.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nani kwetu amewahi kudanganywa kwa ahadi ya kazi? Tulimsaidia vipi?
2. Nani kati yetu anaweza kukaa katika jopo la mazoezi?
3. Tangazo likitoka leo Homa Bay, habari itatufikia kwa njia gani, na baada ya siku ngapi?