Maana ya 'Nishati Safi' katika Sera za Ufaransa na Ujerumani

Istilahi 'nishati safi' hutumiwa aghalabu kana kwamba maana yake ni moja. Kulinganisha sera za Ufaransa na Ujerumani kuhusu nyuklia kwadhihirisha kwamba sivyo. Mataifa haya ni majirani, na yote mawili yaliridhia Mapatano ya Paris ya mwaka 2015 juu ya tabianchi. Hata hivyo yamefuata njia zinazopingana.

Ufaransa iliazimia kujenga vinu kwa wingi mwaka 1974, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla. Shabaha ya wakati huo ilikuwa kujitegemea. Sasa takriban thuluthi mbili ya umeme wake hutokana na nyuklia, na kwa vile kinu hakichomi makaa wala mafuta, sera ile ile imepata hoja mpya ya tabianchi. Mwezi wa Februari 2022, Rais Emmanuel Macron alitangaza mpango wa kujenga vinu vingine sita. Lakini ujenzi huchukua muda: kinu kipya cha Flamanville kilianzwa mwaka 2007, kikaanza kutoa umeme Desemba 2024.

Ujerumani ilitunga sheria ya kuacha nyuklia mwaka 2002, ikarefusha muda mwaka 2010, kisha ikabadili nia baada ya ajali ya Fukushima, Japani, Machi 2011. Vinu vitatu vya mwisho vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023. Umeme wa upepo na wa jua umeongezeka sana, ila makaa ya mawe yangali yanachomwa, na sheria ya mwaka 2020 yaruhusu hayo hadi mwaka 2038.

Ni dhahiri, basi, kwamba sera ya Ufaransa hupima usafi kwa moshi, na ya Ujerumani kwa ajali na taka zidumuzo maelfu ya miaka.

Katika Kiswahili, neno 'safi' hukanusha uchafu wa kila namna. Likitumiwa peke yake, huamua shauri kabla halijasikizwa. Yafaa wafasiri watenganishe 'nishati isiyotoa hewa ya ukaa' na 'nishati isiyoacha taka za hatari'. Jambo hili lina uzito nchini Kenya, ambako mpango wa kujenga kinu huko Uyombo, Kilifi, ulipingwa na wakazi mwaka 2024. Wananchi wanaotakiwa kutoa maoni wastahili kwanza kuelezwa ni uchafu upi unaozungumzwa.