Je, Wajua? Taa ya kijani haithibitishi kwamba kebo ni nzima

Mtandao wa seva ukiwa unakatika na kurudi, wengi hukimbilia kuizima na kuiwasha, ilhali wa kushukiwa kwanza ni kebo. Ndani yake mna nyaya nane, yaani jozi nne. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu. Gigabiti moja, kwa kiwango cha mwaka 1999, huzitaka zote nne. Ndiyo maana waya mmoja uliolegea kwenye plagi waweza kuacha taa ikiwaka huku kasi imeshuka hadi 100. Utauliza, mbona ping inajibiwa? Kwa kawaida ping hutuma pakiti ndogo, chache. Ubovu hujitokeza faili kubwa linapopita. Kwenye Linux, ethtool huonyesha kasi iliyokubaliwa, na ukiongeza -S, hesabu za makosa. Makosa ya CRC yakizidi kupanda, badilisha kebo, kisha jaribu poti nyingine ya swichi. Ni kweli, huenda kosa likawa la mipangilio: upande mmoja ukilazimishwa dupleksi kamili na mwingine ukaachwa ujipangie, huu wa pili huangukia nusu dupleksi. Hilo nalo ethtool hulionyesha, na kulitazama hakuhitaji kuizima seva.