Roboti Haijielezi: Namna ya Kuwaandaa Wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita Kuwasilisha Miradi Yao

Katika maonesho ya sayansi ya shule za sekondari, jambo moja hujirudia. Gari dogo limewekwa mezani, taa zake zinawaka, na wanafunzi walioliunda wamesimama kando yake. Jaji anauliza: "Hiki ni nini, na kinamsaidia nani?" Kimya kinatanda. Kisha mmoja wao anaanza kutaja vipuri: bodi ya Arduino, vihisi, mota, betri. Muda unakwisha, jaji anashukuru na kwenda meza inayofuata. Kazi ya miezi kadhaa imepita bila kueleweka, ingawa haikuwa mbovu. Imekosa tu mtu wa kuieleza.

Hasara hiyo si ndogo. Katika mashindano kama Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011, na MAKISATU, yaani Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaliyoanza mwaka 2019, mshiriki hutakiwa kuieleza na kuitetea kazi yake. Hitaji hilo humfuata kijana hata baada ya shule. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinachotaka kuugeuza ubunifu wao kuwa kazi hakina budi kuandaa andiko la mradi linaloeleweka. Stadi ya kujieleza, basi, yafaa ifundishwe kama inavyofundishwa stadi ya kuunganisha nyaya.

Tatizo kwanza, vipuri baadaye

Tuchukue mfano wa gari dogo linalofuata mstari mweusi sakafuni, lililobuniwa kubeba dawa kutoka stoo ya kituo cha afya hadi wodini. Mwanafunzi asiyeandaliwa huanza hivi: "Tumetumia bodi moja, mota mbili na vihisi vitatu." Msikilizaji bado hajui kwa nini asikilize. Aliyeandaliwa husema: "Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku hulazimika kuwaacha wagonjwa ili afuate dawa stoo. Gari hili limebuniwa limletee dawa hizo pale alipo." Sentensi mbili zimetosha kumtaja mwenye shida, shida yenyewe na kazi ya chombo.

Mwalimu anaweza kulifanya hili kuwa zoezi la darasani. Kila kikundi kiandike sentensi mbili za namna hiyo, kisha kimsomee mtu asiyesoma sayansi: mpishi wa shule, mlinzi au mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Msikilizaji huyo arudie kwa maneno yake alichokielewa. Pale anapokwama ndipo maelezo yanapohitaji kurekebishwa.

Kuhisi, kuamua na kutenda

Roboti nyingi hufanya mambo matatu: huhisi kilichopo, huamua la kufanya, kisha hutenda. Mpangilio huo ndio njia nyepesi ya kueleza ufanyaji kazi wake.

Gari letu huhisi kwa vihisi viwili vya infraredi, kimoja kila upande wa mstari. Kila kihisi hutoa mwanga usioonekana kwa macho. Sakafu nyeupe huurudisha mwanga huo kwa wingi, ilhali mstari mweusi hufyonza sehemu kubwa yake. Kihisi cha kushoto kikikutana na weusi, programu iliyo katika bodi huamua kwamba gari limeelemea kulia. Hapo gurudumu la kushoto hupunguziwa mwendo, na gari hurejea njiani.

Kihisi cha tatu hutumia sauti isiyosikika kwa masikio ya binadamu. Sauti husafiri hewani takribani mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Mtu akisimama sentimita 20 mbele ya gari, sauti husafiri sentimita 40 kwenda na kurudi, safari inayochukua takribani milisekunde 1.2. Programu huupima muda huo na kulisimamisha gari. Mwanafunzi anayeweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni amethibitisha kwamba ameuelewa mradi wake, hakukariri tu.

Kusema ukweli wa majaribio

Kauli kwamba roboti "inafanya kazi vizuri" haimsaidii jaji. Wanafunzi wafundishwe kuendesha chombo chao mara 20 katika mazingira yaleyale, kuandika daftarini mara ngapi kilifika na mara ngapi kilishindwa, na kutaja chanzo cha kila kushindwa. Anayesema, "Gari huacha njia pale mstari ulipofutika kwa kukanyagwa," huaminika zaidi kuliko anayedai kwamba chombo chake hakina dosari. Kasoro iliyotajwa na mwenye mradi mwenyewe huonesha kwamba ameichunguza kazi yake, lakini ile inayogunduliwa na jaji humwacha bila jibu.

Lugha mbili, maana moja

Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, lakini wazazi, madiwani na wananchi wanaotembelea maonesho huuliza kwa Kiswahili. Wanafunzi wengi hukariri aya za Kiingereza, na swali moja lisilotarajiwa huwapotezea mtiririko. Njia inayofaa ni kuueleza mradi kikamilifu kwa Kiswahili kwanza, mpaka kila hatua ieleweke, ndipo maelezo hayo yaandaliwe kwa Kiingereza.

Aidha, kila mwanakikundi aweze kueleza mradi mzima. Si haki msichana aliyeandika programu asimame nyuma huku mwenzake akijibu maswali asiyoyamudu. Mazoezi ya kubadilishana nafasi, ambapo anayezungumza huchaguliwa kwa kura ya vijikaratasi, huondoa mazoea hayo.

Siku ya maonesho

Mwanga wa jua una infraredi nyingi. Gari lililotii mstari darasani laweza kupotea chini ya turubai uwanjani. Kwa hiyo kikundi kifike mapema, kipime upya vihisi mahali pale pale, na kiwe na betri ya akiba pamoja na video fupi ya gari likifanya kazi. Likikwama mbele ya jaji, wanafunzi wasianze kuvutana na nyaya. Mmoja aendelee kueleza kinachotarajiwa kutokea na sababu inayoshukiwa, mwingine achunguze. Utulivu huo nao ni sehemu ya uhandisi.

Walimu wa sayansi na wa TEHAMA wanaweza kutenga kipindi kimoja kwa juma kwa ajili ya mazoezi haya, tangu mradi unapoanza, si siku mbili kabla ya mashindano. Mazoezi hayahitaji vifaa vya ziada: saa, ubao na msikilizaji mwenye maswali vinatosha. Wazazi nao wana nafasi yao. Jioni, kabla ya kumpongeza kijana kwa chombo alichokiunda, wamwombe awaeleze kinafanya nini na kwa nini. Akiweza kuwaeleza nyumbani wakaelewa, hatababaika mbele ya jaji.